Tumbo Langu Limechelewa, Mke Wangu Ndiye Anayeanguka

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana jambo hili nimeshindwa kumweleza mtu wa nyumbani. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, kazi yangu ni kujalidi vitabu kwenye chumba cha chini cha maktaba. Mimi na mke wangu tulikimbia kwetu tukiwa vijana, tukiwa na sahani moja ya bati, tukaapiana kwamba hakuna atakayemzidi mwenzake hata tonge, na leo, miaka arobaini na minne baadaye, ingawa kabati limejaa vyombo, bado tunakula sahani moja, na mmoja akinawa kwa kushiba, mwingine naye ananawa.

Tangu mwaka jana, nikila matonge manne najiona kama nimetoka karamuni, kichefuchefu kinanipanda, na siku nyingine natapika asubuhi chakula cha jana kikiwa kama nilivyokimeza. Mke wangu ana kisukari, mimi sina, basi nikasema ni uzee. Mwishowe nilikwenda hospitali kwa siri, wakanilisha yai lililotiwa chembe za dawa inayoonekana kwenye mashine, wakawa wanalipiga picha saa baada ya saa. Mshauri, nimesoma habari za nyota na za vilindi vya bahari, lakini sijapata kushangaa kama nilivyoshangaa mbele ya kioo cha mashine ile, kwani saa nne zilipita na yai langu lilikuwa pale pale, linang'aa, limetulia. Daktari akaniambia, "Mzee, sukari huna, na njia haijaziba. Tumbo lako limepunguza mwendo. Huwapata wenye kisukari, na wasio nacho pia huwapata. Kwako wewe, chanzo hatujakiona." Nikawaza kwamba miaka yote hiyo misuli na neva zilikuwa zikisukuma chakula changu bila kuniomba hata ahsante.

Sasa taabu ni hii. Nikinawa mapema, mke wangu hunitania, "Umeshiba nini, mzee, mvuke?" kisha naye ananawa, ilhali ameshajidunga insulini ya mlo kamili. Jumanne alitetemeka, jasho likamtoka, akaniita kwa jina la kaka yake marehemu. Nilimpa maji ya sukari, fahamu zikamrudia. Nikijilazimisha kula natapika, na nikimwambia ukweli naogopa ataacha kula kabisa asije akanizidi. Nifanyeje?

Mjalidi

*

Mzee wangu, shikamoo. Habari ya yai lile nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeweka kikombe chini. Lakini nikugombeze kidogo. Unajua kinachomwangusha mkeo, nawe umekifungia kifuani kama mali ya wizi. Kiapo chenu kilikuwa cha kumlinda mwenzako na njaa. Sasa ndicho kinachomtia njaani, tena sindano ikiwa imeshaingia.

Nendeni kliniki yake pamoja, wiki hii. Waelezeni mnavyokula, na kwamba sukari humshuka baada ya mlo. Waulizeni kama tumbo lake nalo limepunguza mwendo, kwa kuwa hilo nalo humshusha mtu sukari akishajidunga. Dozi wapange wao, msikisie. Kitu cha sukari kiwe karibu naye kila mara, na siku atakayolegea hata asiweze kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, ita msaada. Wewe kula kidogo kidogo mara nyingi, vitu laini visivyo na mafuta mengi, na usilale ukishakula. Kutapika chakula cha jana si uzee, kwa hiyo mrudie daktari wako.

Na mle sahani mbili. Ataumia, najua. Umia naye. Ila mwambie leo, kabla ya sindano ya mchana, na karatasi ya hospitali iwe mkononi. Akikasirika kwamba ulimficha, ana haki. Mwache akasirike, ilimradi anatafuna.