Tomaso Alivyotuokoa Makupa

Jumapili, Julai 1996

Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi niko jikoni nacheka peke yangu. Leo hata zikivunda kambani, sijali.

Shajara yangu, tumeshinda.

Wajua nilivyokuwa na moyo mzito. Jumuiya yetu ya hapa Makupa, ile ya kusali nyumba kwa nyumba kila Jumatano, ilikuwa imebaki familia nne. Wengine walihamia Changamwe, wengine walichoka tu. Baraza la parokia likasema sikukuu ya mitume ikipita, kama hatuna uhai wa kuonyesha, tutavunjwa tuingizwe katika jumuiya kubwa ya Mzee Katana. Mwenyekiti ni mimi. Ingefia mikononi mwangu, na jambo hilo lilininyima raha.

Parokiani kwetu, sikukuu hiyo ikikaribia, jumuiya hupiga kura kama walivyofanya mitume walipomchagua Mathia ajaze nafasi iliyobaki wazi. Kila mwenyekiti huokota kijikaratasi chenye jina la mtume, kisha watu wake huonyesha mbele ya kanisa mtume huyo aliipeleka wapi Injili. Mzee Katana akaokota Petro. Mkono wangu ukatoka na Tomaso.

Watu walicheka mpaka wakashika mabenchi. Wiki nzima nikawa naulizwa sokoni kama nimeamini kwamba leo ni Jumanne. Nakiri nilinuna. Nilimwona Tomaso mkosi mtupu. Wenzake wametawanyika kueneza neno, Yakobo amekatwa kwa upanga, Petro amefika Roma, na huyu wangu anajulikana kwa kutaka kutia kidole kwenye majeraha ya Yesu ndipo aamini kwamba amefufuka.

Kazini Shimanzi, kwenye ghala la chai, nikamlalamikia mhasibu wetu, Madam Aleyamma, mama wa kutoka Kerala, kusini mwa India. Hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniambia, "Huyo unayemlilia ndiye aliyetubatiza sisi."

Akanieleza wanavyosimuliana kwao kizazi hadi kizazi. Tomaso alivuka bahari hii hii tunayoiona kila siku, akashuka pwani yao pamoja na wafanyabiashara wa pilipili manga, akaanzisha makanisa, mwisho akachomwa mkuki akafa. Chai yangu ilipoa mkononi. Aliyechelewa kuamini ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote, nami nilikuwa nikimwonea haya. Nikamwomba Madam aje Jumapili. Akasema atakuja, na watu wake pia.

Leo basi. Jumuiya ya Petro ilitangulia, na kanzu mpya zilizodariziwa kutoka Mji wa Kale, na wavu wa kweli, na kwaya. Petro wao alifika Roma kwa vigelegele. Sisi tulikuwa na shuka langu la kitanda, na ndani yake mume wangu akiwa Tomaso. Lakini alivuka bahari yake katikati ya mabenchi asirudi nyuma, nami nikatangaza alikoshukia.

Mzee Katana akasimama. Hana ubaya, ila kushindwa hakupendi.

"Mwenyekiti, hayo ya India mbona kwenye Matendo ya Mitume hayamo? Wayatoa wapi? Tuonyeshe."

Kabla sijajibu, Madam Aleyamma alikuwa keshainuka na sari yake nyeupe. Mumewe akainuka, kisha benchi zima la watu wa Kerala wanaofanya kazi humu mjini, ambao hata sikujua wapo. Wakasali Baba Yetu kwa lugha yao. Hatukuelewa hata neno moja, lakini kila mtu alijua ni sala gani, na walipomaliza kanisa zima likaitikia Amina bila kuambiwa.

Nililia, tena bila kujificha.

Kisha nikasema, Mungu anisamehe kiburi, "Mzee wangu, kutaka kuonyeshwa si dhambi. Sisi watu wa Tomaso hatukulaumu." Padre alicheka akashika mbavu. Mzee Katana naye akacheka, akaja mpaka mbele kunipa mkono. Hapo nilijua tumeshinda.

Baraza halikungoja kikao. Katibu alitangaza pale pale kwamba jumuiya ya Makupa inabaki, na kuanzia leo itaitwa Mtakatifu Tomaso. Nje, manyunyu yakitulowesha, Madam akaniuliza Jumatano tunasali kwa nani. Hapa Mombasa hawana kanisa lao, na wamechoka kusali kila mtu chumbani mwake. Nikamwambia ni kwangu. Familia zao zote zinakuja. Binti ya Mzee Katana, anayekaa mtaa wetu na hajawahi kukanyaga kwetu, naye kaninong'oneza nimwekee nafasi.

Sebule yangu ina viti vichache, na Jumatano iliyopita vingine vilibaki wazi. Kesho asubuhi nabisha hodi kwa jirani yangu Bi Zuhura, aniazime mikeka anayowatandikia wageni wa Maulidi. Na hata hiyo naona haitatosha.