Kuchagua Daki, na Chumba cha Kimwani

Jumamosi, 15 Novemba 2025. Bilele, Bukoba.

Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke Kimwani, kijijini kwetu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mvua ya hapa kwetu isiyo na haraka, na ubaridi wake unafaa kwa kukaa ndani na kusikiliza.

Nianze na kifaa chenyewe, maana kimenisumbua mwezi mzima. Muziki wangu wote umo kwenye kompyuta, na kompyuta haijui sauti, inajua tarakimu tu. Lazima pawe na kitu cha kuzigeuza tarakimu hizo kuwa sauti kabla hazijafika kwenye amplifaya. Wauzaji wanakiita daki. Yangu ya zamani imechoka. Kwaya ikiimba kwa nguvu, sauti zote zinagandana kama uji uliopoa.

Fundi wa redio wa mjini ameniazima mbili nizijaribu. Moja ni ndogo kama kiberiti, inakula umeme wa kompyuta yenyewe. Nyingine ni nzito kama pasi ya mkaa, na lazima ichomekwe ukutani.

Nilikuwa nimeegemea ile ndogo, na sababu haikuwa masikio.

Sababu ni Mutalemwa, mdogo wangu wa mama mwingine. Baba alipofariki, ukoo uliamua kibanja chote, yaani shamba la migomba, kiende kwa nyumba ya mama yake Mutalemwa, nami nikashika njia ya Bukoba na cheti changu cha ualimu. Wakati huo Mutalemwa alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sina kinyongo naye. Mwaka huu amejenga chumba pembeni ya nyumba yake, amekipiga plasta, na anataka nirudi nizeekee kwenye migomba ya baba. Nguzo za umeme hazijafika kwake, anatumia sola. Daki ndogo ingeishi kule. Nzito isingeweza. Aliahidi kuja leo kuchukua jibu langu, na nilipoamka sikuwa nalo.

Asubuhi nimezijaribu kwa utaratibu. Kwanza nimesawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu kinachopiga kwa nguvu zaidi hulidanganya sikio kwamba ndicho bora. Nimetumia wimbo mmoja tu, wa kwaya ya usharika wetu, niliourekodi mwenyewe Pasaka iliyopita. Niwe mkweli: tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. Ile ndogo ni safi, mtu angekaa nayo bila lalamiko. Lakini kwenye ile nzito kila sauti ilisimama mahali pake. Nilimsikia mama mmoja wa sauti ya pili anayevuta pumzi mapema. Nilimsikia seremala wetu anayechelewa kila ubeti. Nikajisikia na mimi, kwenye besi, nyuma kulia, katikati ya watu.

Sikutegemea kujikuta mle.

Kisha akaingia jirani yangu Bi Mwanaidi, akikung'uta mwavuli. Babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani na biashara ya nguo, na utani wake haujapungua chumvi. "Mwalimu, wachumba wawili mwezi mzima, na bado hujapeleka posa?" Akataka nimwekee kaswida ya kina mama wa madrasa yao. Kwenye daki ndogo alitikisa kichwa kwa mahadhi. Kwenye nzito aliacha kutikisa, akasema anasikia kiganja kinavyotulia juu ya ngozi ya dufu. Akaongeza kwamba nikihamia Kimwani nimwambie mapema, atafute mtu mwingine wa kubishana naye. Alisema hivyo akiitazama mvua, si mimi.

Mutalemwa alifika mchana na mkungu wa ndizi, na kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye jani la mgomba. Kwetu Wahaya, mwenyeji ndiye humkaribisha mgeni kwa kahawa. Kabla sijainuka kuleta yangu, alifungua jani lake akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Karibu, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima.

Nikapokea, nikatafuna. Ndani ya nyumba yangu, kwenye kiti changu, nilikuwa nimekaribishwa.

Hakufanya kwa ubaya. Kahawa ni ya shamba lake, na mikono ilikwenda yenyewe. Lakini niliiona miaka iliyobaki: mikono hiyo hiyo myema ikininyooshea kila asubuhi kahawa ya kibanja cha baba, nami nikishukuru. Ningekuwa mgeni wa heshima mpaka kaburini. Hapa Bilele kahawa hutoka mkononi mwangu.

Bi Mwanaidi, aliyekuwa bado kwangu, alimwonyesha zile daki. Mutalemwa akazipima kiganjani, akashauri nichukue ndogo, itasafiri vizuri.

"Nachukua hii nzito," nikasema.

"Sola yangu haiiwezi hiyo, Kaka."

"Najua."

Akairudisha mezani. "Kwa hiyo nimepiga plasta bure."

"Si bure. Wape binti zako wasomee humo."

Akacheka, si sana. Akauliza kama Krismasi nitakuja, nikamwambia nitakuja, na kahawa yake nitaipokea kwa furaha. Nilimaanisha. Kumtembelea mdogo wangu ni jambo jema, na sikuwahi kuliona hivyo kabla ya leo.

Mvua haikumruhusu kuondoka, basi nikaiwasha kwaya kwenye daki nzito. Akataka kujua mimi ni yupi. Sikumwonyesha. Alifumba macho, akainamisha kichwa, na ubeti wa pili ulipoanza akanyoosha kidole kuelekea spika ya kulia.

"Huyu hapa."

Kesho baada ya ibada nimewaalika wanakwaya waje wajisikie wenyewe. Jumatatu nitampelekea fundi ile ndogo. Kimwani nitakwenda kusalimia, kuzika na kula sikukuu.

Kurudi kuishi, sitarudi.