Mama Alipokipita Kibao Chekundu

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha barafu,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto, ameshaota jino? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia, au bado unajitia mwanaume hutaki dawa? Sisi tu wazima, ila. Hiyo "ila" ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana kwenye simu Mama hukaa ubavuni mwangu akisikiliza kila neno.

Kazini, mashine kubwa imekufa. Mashuka ya hoteli nzima tunayafua kwa mikono, vidole vimenikunjamana. Kwa hiyo nilipopata mapumziko Jumanne, nilitaka kupunga upepo tu, basi.

Nilimpeleka Mama kisiwani, kile chembamba cha mchanga kinachoukinga mji na mawimbi, alikotembeza wageni miaka ishirini na miwili. Njia yake unaijua: tambarare, nusu saa, hata mtoto aliyeanza kutembea jana anaimaliza. Nikabeba chupa ya maji, nikamwacha atangulie. Kwetu sisi nani amewahi kumtangulia Mama njiani akabaki na sikio lake?

Alikwenda kama askari wa gwaride, midomo ikichezacheza. Nilidhani anasali. Ndege mweupe alikuwa amesimama hapo hapo kando ya njia, na Mama, mama yetu huyu wa kusimamisha watu kumi kwa ajili ya unyoya, akampita. Nikaona ajabu.

Dhoruba ya mwaka jana ilikula ufukwe ikavunja daraja la mbao. Wamejenga jingine upande wa ndani, na njia wakaihamisha. Pale ilipokuwa ya zamani kuna kibao chekundu, herufi kubwa kama sufuria: HAPAPITIKI. Mama akakipita, bega likakigusa. Nikacheka, nikamuuliza kama siku hizi anagombana hata na vibao. Sasa alikuwa akihesabu kwa sauti: mia mbili na sita, mia mbili na saba.

Kaka, mbele yake mbao nne hazikuwepo, na chini maji ya mkondo yalikuwa yanakimbilia baharini. Mguu mmoja ulishakanyaga ubao wa kwanza. Nikapiga kelele asimame.

"Niache, nimebakisha hatua kumi na mbili nifike kwenye benchi nikae!" akasema, akanyanyua mguu wa pili.

Nililidaka gauni lake mgongoni. Likachanika hadi kiunoni, tukaanguka wote wawili mchangani, pu!

Nilimfokea. Mungu anisamehe, nilimfokea mama yangu mzazi. Kisha nikanyoosha vidole mbele ya uso wake, nikamuuliza ni vingapi. Akasema, "Vya mkono wa nani?" Akacheka, na machozi yakamtoka.

Ni presha ya macho. Mwaka mzima, kaka! La kulia limekwisha, la kushoto anaona kama anachungulia tundu la kitasa. Jikoni, dukani, msalani, kote anakwenda kwa kuhesabu hatua, na mimi ninayelala chumba cha pili sikujua lolote. Nusu ya hasira zangu ni za kujichukia mwenyewe. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na sisi kilibaki hatua moja.

Daktari wa macho ametoa matone ya asubuhi na jioni. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki huenda kikakaa miaka, huenda miezi, yeye hakuahidi. Mama ameniapisha nisikwambie, asije akakutoa kazini. Niliapa, na leo navunja. Dhambi ni yangu.

Ile picha ya mtoto uliyotuma, Mama ameizungusha kwa majirani wote akisifia vishimo vya mashavuni. Tukiwa kwenye kivuko tunarudi, alinishika mkono, akaniuliza polepole, "Hivi, mtoto anafanana na nani?"

Nilimwambia anafanana na yeye.

Msalimie sana wifi. Shangazi anakusalimu, na Ba'mdogo fundi saa pia anakusalimu. Mungu awasafirishe salama nyote watatu, maana sikuulizi kama mtakuja.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mvunja kiapo,
Cherehani