Risala ya Kumsifu Baba Mdogo

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha Tatu, kinaya tena. Mwandishi anasema hivi, anamaanisha kinyume chake. Mmoja akauliza, "Madam, si aseme tu?" Darasa likacheka.
Nimerudi Mkuyuni, nikamkuta mama anapara magamba ya sato kwenye chumba chetu cha kupanga. Hasira imenipanda upya. Nyumba ya baba ipo Igogo, vyumba sita, anakaa baba mdogo. Alitutoa hata arobaini ya marehemu haijafika.

Jumatano, 5 Machi
Baba mdogo kapiga simu. Kachaguliwa mzee wa kanisa. Sherehe Jumamosi, kwenye uwanja wa nyumba ileile ya baba. "Wewe si mwalimu wa Kiswahili? Niandikie risala nzuri, uisome mwenyewe." Bila haya. Nilitaka kumtukana. Nikasema sawa, baba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeandika. Hakuna tusi hata moja. Nimefuta "dhalimu", nimeweka "mwenye huruma". Nimefuta "alitufukuza", nimeweka "alitupunguzia mzigo". Nataka aumie. Aumie mbele za watu, na akose neno la kunishtakia. Sijawahi kufurahia kuandika kiasi hiki.

Jumamosi, 8 Machi
Maturubai, pilau, spika kubwa. Nikasoma: "Kaka yake alipofariki, baba yetu huyu hakukubali shemeji yake mjane ahangaike na nyumba kubwa. Kwa huruma zake alimpunguzia mzigo huo, vyumba vyote sita, kwa siku moja."
Makofi! Baba mdogo anatabasamu. Nikaingiwa na hofu. Hawajaelewa. Nimemsifu mwizi kwa kipaza sauti.
Ndipo shangazi Kabula, dada yake wa kuzaliwa, akacheka. Peke yake. Kicheko kirefu, kikavu. Makofi yakafa meza baada ya meza.
"Rudia hapo, mwanangu," akasema baba mdogo. Sidhani alijua anaomba nini.
Nikarudia, taratibu. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji akainamia sahani yake. Nikauona uso wa baba mdogo unaelewa.
Pilau yangu niliimaliza yote.

Jumapili, 9 Machi
Anapiga, sipokei. Kanisani hakuonekana. Raha tupu.
Mama hajanisemesha tangu jana. Jioni akafungua mdomo: "Umemwaibisha, sawa. Mimi nimelala wapi?"
Imenichoma.

Jumanne, 11 Machi
Shangazi Kabula kamleta baba mdogo kwetu, kama anaswaga ng'ombe. "Shikamoo, shemeji." Miaka hajamwamkia. Mama akaitika. Baba mdogo akaanza kuzunguka: ukoo, shetani, midomo ya watu. Mama akamkatisha.
"Nataka nyumba ya mume wangu."
Basi. Hakupamba. Mimi nimekaa pale na ufundi wangu wote, mdomo wazi.
Baba mdogo akasema atatupa vyumba vitatu vya mbele. "Sita," akasema mama. Baba mdogo akamtazama dada yake. Shangazi naye: "Sita."

Jumamosi, 29 Machi
Tumehamia Igogo. Baba mdogo kaenda kwa mwanawe anayeishi Kigongo. Nilidhani nitacheka nikimwona anapakia kitanda chake. Sikucheka. Sikumhurumia pia. Bado namchukia.
Mama kakaa kibarazani, miguu kainyoosha, anakunywa chai. Upepo unatoka ziwani. Nimekaa karibu naye.