Papa, Tangi Limebaki Nusu

Goma, Majengo
Jumapili jioni, mwezi wa nane

Papa,

Nimejiwekea nadhiri kwamba leo nitakueleza yote, bila kuficha na bila kupamba. Mwishoni kuna swali. Nakuomba usilale kabla ya kufika huko.

Najua ungetaka kusikia habari za gari kwanza, halafu ungekohoa kidogo na kusema, "Ndiyo, na shule?" Basi nianze na shule ili nisikupe aibu. Tulifungua tena baada ya zile wiki za risasi. Niko mwaka wa nne, sayansi. Madawati mengine yalichomwa kuwa kuni, kwa hiyo tunakaa watatu watatu na viwiko vinagombana. Mama amerudi sokoni na vitenge vyake. Kofia yako iko palepale kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna anayeifua, kwa sababu bado inanuka esansi, yale mafuta ya gari, na tukiifua hatutakuwa na harufu yako tena.

Sasa gari.

Baada ya arobaini yako, Baba mdogo Asumani alikuja akalizunguka kama mtu anayechagua mbuzi. Akasema, "Zaina, hii si gari. Ni sanduku yenye kelele. Kila ikifika ku kona inazima. Tuivunje, tuuze kipande kipande, iishe." Mama aliendelea kukunja vitenge. Aliyetuokoa ni rafiki yako Muzee Kambale. Alikuwa amepumzisha lori lake, ametoka Butembo, vumbi bado liko kwenye nyusi. Akasema, "Asumani, ngojea kwanza. Ikimaliza mizunguko tatu kule ku lava bila kuzima, inabaki kwa huyu mutoto. Ikizima, ubebe hata usukani." Baba mdogo akakubali mara moja. Alikuwa na hakika litazima, Papa. Nami pia nilikuwa na hofu hiyo.

Kwa sababu wewe mwenyewe hukuishinda ile kona. Njia ile ya duara ya kukimbizia magari, mliyoisawazisha wewe na madereva wenzako juu ya lava, mlima wa moto ulipokwisha kutulia, ilikuwa rafiki yako kila mahali isipokuwa pale mkono wa kushoto, inapozunguka paa la nyumba iliyomezwa na lava. Gari lilikuwa likiingia pale linanguruma, katikati linakohoa, mwishoni linazima. Ninamwona bado Muzee Kambale anarudi analisukuma, shati limemgandia mgongoni: "Ramazani, hii gari nimeisukuma kuliko nimeiendesha." Nawe ukamjibu, "Sukuma tu, muzee. Ni dawa ya tumbo."

Ulibadilisha kila kitu. Uliweka pampu kubwa ya esansi, injekta kubwa, kidhibiti kipya cha presha, hata waya mnene wa kuipa pampu umeme wa kutosha. Nilikushikia tochi, ukanifundisha: "Injini ya turbo ukiipa kazi na kuinyima esansi, inajila yenyewe." Ndiyo maana ulikuwa ukiondoa mguu upesi kikohozi kikianza, usije ukaunguza pistoni. Kila ulipotia kifaa kipya, ulisema sasa litapona. Halikupona. Ulisema, "Kuna kitu kinanificha uso."

Papa, nimekiona uso.

Ilikuwa siku bomba lilipokatika nikaenda ziwani kuchota maji. Watu walikuwa wengi, wanasukumana, nikarudi na lile bido, dumu la njano, likiwa nusu. Unajua bido nusu kichwani ni baya kuliko lililojaa. Nilipokata kona karibu na msikiti, maji yote yalikimbilia upande mmoja, shingo ikavutwa, nikayumba kama mlevi. Mama mmoja nyuma yangu akacheka: "We mutoto, bido nusu inacheza rumba. Ujaze, ao umwange maji yote." Nilisimama katikati ya njia, maji yananichuruzika shingoni, na nilichokuwa nikikiona si bido. Nilikuwa naliona tangi lako.

Tangi lako lilikuwa karibu tupu siku zote.

Ilikuwa sheria yako. Tangu uasi ule wa zamani, watu wenye bunduki walipoondoka na gari lako la kwanza likiwa limejaa esansi, uliapa kwamba gari halitalala tena na mafuta kwenye nyumba hii. Kila jioni uliingiza mpira, ukavuta, ukatema, ukajaza bido, ukabakiza ya kufika getini tu. Hata kule kwenye lava uliweka kidogo, ili ukikutana na kizuizi njiani wasikute kitu cha maana. Sisi sote tuliizoea sheria hiyo kama kuvua viatu mlangoni. Ulikagua pampu, ulikagua injekta, lakini sheria yako hukuikagua. Nani hukagua sheria ya nyumba?

Ndipo nikakumbuka jioni ile mlima ulipopasuka, anga nyekundu, sisi sote tumebanana ndani na magodoro juu, tunakimbilia Sake. Tulipopita Mugunga gari lilianza kukohoa kwenye kila kona. Ulimpigapiga Mama begani ukasema, "Usijali, nayo inaogopa." Halikuwa linaogopa, Papa. Esansi ndogo uliyomimina haraka kutoka kwenye bido ilikimbilia upande, pampu ikanyonya hewa.

Sikulaumu. Sheria hiyo ilituokoa pia. Wenye bunduki walipoingia tena mwaka huu, mbali na kukausha tangi uliitoa pampu yenyewe ukaificha ndani ya gunia la maharage la Mama. Wakaja, wakazungusha ufunguo, wakasukuma hadi mwisho wa njia, wakachoka, wakaliacha. Ulisimama umeweka mkono kifuani, ukamwambia mkubwa wao, "Chef, hii gari iko mugonjwa kama mimi." Walicheka. Sisi pia tulicheka, ndani, tukifikiri ni ujanja wako. Hatukujua kwamba kuhusu gari ulidanganya na kuhusu wewe ulisema kweli.

Nimeacha kalamu kidogo. Sasa naendelea.

Nilimwambia Muzee Kambale: tujaze tangi, basi. Akasema tangi lililojaa ni mzigo, litavuta mkia wa gari kwenye kona, na tena likifika nusu ugonjwa utarudi. Tukafikiri. Tukatengeneza tangi dogo, jembamba na refu, kutokana na chupa tupu ya kizimamoto, likachomelewa vizuri na fundi wa mtaa wa Katindo. Muzee alicheka hadi akakaa chini: "Chombo ya kuzima moto leo inakunywa esansi. Dunia imegeuka." Ile pampu ndogo ya zamani, ambayo hukuitupa, niliikuta kwenye sanduku lako, imefungwa kitambaa kama mtoto. Sasa hiyo ndiyo inayovuta esansi kutoka tangi kubwa na kulijaza tangi dogo bila kuacha. Inayozidi inarudi ilikotoka. Pampu yako kubwa inanyonya chini kabisa ya tangi dogo, mahali ambapo esansi haina nafasi ya kukimbia. Hata pampu ya kwanza ikimeza hewa kwenye kona, ya pili haijui. Kila kitu ulichonunua kilikuwa sahihi. Kilikosa kikombe cha kunywea.

Tulipima mivujo nje, mbali na jiko, mchanga umewekwa tayari. Esansi niliichuja kwa kitambaa, kama ulivyotaka, na kitambaa kikatoka cheusi kwa vumbi la mlima.

Leo asubuhi tulikwenda. Baba mdogo alikuja na mfuko wa spana, tayari kwa kuvunja. Mimi niliweka esansi kidogo, kipimo chako kilekile, kusudi. Muzee Kambale akafunga mkanda, akasema bismillahi kwa niaba yako, yeye Mkatoliki, akaondoka.

Mzunguko wa kwanza nilisimama kando ya lile paa na kuziba masikio. Wa pili nikatoa vidole. Wa tatu aliingia kwa kasi ambayo wewe hukuthubutu kuifikia, changarawe nyeusi zikaruka, nikasubiri kikohozi. Mlio haukukatika. Ulipita mbele yangu mzima, ukazunguka paa, ukaenda.

Baba mdogo aliangalia spana zake. Akasema, "Ramazani angekuwa hapa." Kisha akafunga mfuko: "Na mimi niendeshe kidogo?"

Basi linabaki. Njiani kurudi tuliongeza esansi hadi nusu, kwa furaha tu. Tulipofika nyumbani nilichukua mpira ule, mkono ulikwenda wenyewe. Baba mdogo akasema, "Toa yote, Zaina. Bunduki bado ziko." Mama akasema, "Iache. Mlima hautumi barua. Siku ya kukimbia, gari kavu itatupeleka wapi?" Wakanigeukia wote wawili, kwa kuwa mpira ulikuwa mkononi mwangu. Nikasema nitakuuliza wewe. Nilidhani Mama atanihurumia. Akasema tu, "Basi muulize, na umuambie ajibu upesi, si kama zamani."

Lala salama, Papa yangu. Nakuahidi esansi itachujwa daima, gari halitavunjwa, na ile kona nitaipita siku moja mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani, nikimaliza shule, kama ulivyotaka.

Kofia yako nimeivaa ninapoandika. Mpira unaning'inia kwenye mlango wa gari, na tangi liko nusu. Nijibu kwa ndoto, au kwa njia yoyote mliyonayo huko, lakini iwe kabla ya kesho jioni: nitoe, au niache?

Binti yako,
Zaina