Mama, lutuku yangu iligeuka sabuni

Mama,

Kwanza nikuambie: niko na wivu. Haina wivu kidogo. Inanichoma mu kifua kama lutuku, ile pombe yetu kali ya unga ya muhindi, matone ya kwanza kutoka, ile ulikuwa unakataza bantu kuonja.

Tangu tulikuzika, Kaka Dédé na muke yake Béa balihamia kwako hapa Naviundu. Sawa, nyumba iko ya bote. Lakini Béa njo anaikala mu kiti yako, karibu na tonneau, ile pipa ya kupikia, na kitambaa anaifunga vile ulikuwa unafunga. Siku niliona vile, niliingia ndani nikalia. Ile kiti, Mama! Miye nilikuomba, nikakuomba, na weye kila siku: «Ngoja kwanza, Mado.»

Sasa sikia. Kule commune Kenya, ya hapa mu muji, kuko garagiste mumoja, fundi wa moteur, anatafuta pombe kali ya muhindi. Haina ya kunywa. Anaichanganya na soude, ile magadi kali ya kupika sabuni, anatia mu mafuta ya ngazi, ya mawese, inakuwa mazout, sawa dizeli, ya kutembeza moteur ya moulin ya kusaga unga. Alikuja akasema, ule atamupikia muzuri kuliko bote, njo atakuwa mupishi wake. Nikasema mu roho, haya, leo Béa atajua nani iko mutoto ya nyumba.

Nilipika vile ulinifundishaka. Nilichunga moto, tiyo ya mukuba, ile shaba pombe inapita ndani, nililowanisha na mayi ya baridi. Nikatia kidogo mu kijiko, nikawasha kibiriti: moto ya bleu, safi, moshi hakuna. Nikaipeleka na kiburi yangu yote. Kumbe mayi ilibakia ndani! Mafuta ya garagiste iliganda, ikakuwa sabuni. Mumoja wa mu garage alinawa nayo mikono mbele yangu, benzake banacheka banashika tumbo. Mpaka leo nikipita kule banaita: «Mama Sabuni, habari?»

Kisha Béa. Yeye alitia la chaux kavu, ile chokaa ya kuchomwa, mu pombe yake, akafunika, akaacha ile la chaux ikunywe mayi yote, akaipika tena mara ya pili. Moulin ikanguruma, bantu bakapiga mikono. Nilimuuliza nani alimufundisha. Akajibu bila kunitazama: «Mama. Tulikuwa tunamupikia fundi wa radio, pombe ya kupangusa vyuma. Weye ulikuwa unaenda Kasomeno.»

Kasomeno! Nani alinituma Kasomeno? Miye niko nalala juu ya mifuko mu camion, vumbi mu meno, juu ya kukutafutia muhindi, na weye huku nyuma unamufundisha muke ya Dédé? Miye, ulinibeba mu tumbo! Kama ungekuwa hapa, leo tungegombana mpaka majirani batoke inje. Na njo ile inaniumiza kupita yote: mutu wa kugombana naye hakuna tena.

Jana alikuwa anapika. Matone ya kwanza aliyamwanga chini, vile ulikuwa unamumwangia nkambo, mama yako. Akasema, «Mama, kunywa.» Mama! Nilisimama pa mulango, nilitaka kumunyanganya ile kopo. Akageuka, macho yake mekundu, akaniambia, «Mado, kuya nikuonyeshe.» Nilienda kufua nguo zenye zilikuwa safi.

Lakini nitaenda, Mama. Ninakuahidi. Nitaikala chini, yeye mu kiti yako, na nitamuuliza kila kitu ya ile la chaux, hata kama itanikwama mu koo. Kazi yako haitabakia kwa mutu mumoja, na miye sitakufa na jina ya Mama Sabuni.

Lala muzuri, mama yangu. Siku pombe yangu itatembeza moulin, matone ya kwanza nitakumwangia miye mwenyewe, na mukono yangu. Ya Béa, onja tu. Unichungie kiu.

Mutoto yako,
Mado