Alama Kumi na Nne Pungufu

Edinburgh, 6 Januari

Mama mpendwa,
Salamu nyingi. Goti linasemaje? Mimi si vibaya.

Wameniita kwenye majaribio ya dawa. Inazuia kimeng'enya kinachozifanya seli zimwage asidi tumboni. Ikipungua, huenda zile nyama zilizoota nje ya mji wa mimba zikanyauka. Kwanza niandike maumivu kila siku, sifuri hadi kumi, siku ishirini na nane. Nikiingia, daktari ataahirisha upasuaji wa Machi, mji wa mimba usitolewe. Nina miaka thelathini na mitatu, Mama. Bado nataka mtoto.

Mwanao

Stornoway, 14 Januari

Seonag mwanangu,
Yako nimeipata kwa furaha. Goti lipo, nami nipo. Andika vizuri, ila usiwalilie watu. Wasije wakasema sisi wa kisiwani tunadeka.

Mama yako

Edinburgh, 9 Februari

Mama,
Natumai hujambo. Wamenikataa.

Jumla yangu ni tisini na nane. Gawa kwa siku ishirini na nane: tatu na nusu. Walitaka nne. Siku niliyozimia mbele ya mafundi wangu wa vigae niliandika tano, maana niliinuka nikamaliza kazi. Siku nilizotapika, nne. Zilizobaki, tatu: "si vibaya", kama ulivyonilea.

Nikamwambia muuguzi wao nilipunguza. "Mpenzi, nakuamini," akasema, "lakini nikikuongezea leo, kesho nani ataamini hesabu yetu?" Haki yake. Kampuni yangu ya vigae nimeijenga bila kumlilia mtu, na ndicho kilichoniponza. Usiniandikie.

Mwanao

Stornoway, 2 Machi

Seonag,
Najua umenikataza. U hali gani, mwanangu?

Niliwapigia wale wa dawa. "Mimi ni mama yake! Tatu yake ni tisa!" Binti aliyepokea simu akaniuliza kwa upole, "Na wewe, mama, uliwahi kuumwa hivyo?" Nikajibu, kidogo tu. Nikakata simu, nikalia.

Niliumwa miaka thelathini na saba. Baba yako amekufa hajui. Ulipojikunja sakafuni una miaka kumi na minne, nikakwambia simama, kondoo wanangoja. Si kwamba sikuona. Niliona, nikajua ni nini.

Niruhusu nije siku ya upasuaji. Sema ndiyo tu.

Mama yako

Stornoway, 21 Machi

Mwanangu,
Hukujibu, nami sikupanda meli. Leo nimepiga wodini. Muuguzi akasema mji wa mimba umeshatolewa, na umeomba usipewe simu yangu.

"Anaumwa?"

"Analia, mama. Wodi nzima inamsikia. Tunajaribu kumtuliza."

Nikamwambia wakuache ulie.

Mama yako